Kiti cha Baba kwenye Meza ya Chai

"Nani kamtengeneza ndege huyu?"

Yee Teng alikuwa juu ya ngazi, waya mdomoni, mikono yote miwili imeshika mkia wa ndege. Hakujibu. Mtu mwenye waya mdomoni ana kisingizio.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Nimezaliwa Ipoh, nimezeekea Ipoh, kazi kama hii sijaiona kwenye harusi ya mtu yeyote."

Aliyeuliza alikuwa Mama Leong, mama mkwe wake mtarajiwa. Ilikuwa Alhamisi, na harusi Jumapili. Mama wa watu alisimama katikati ya ukumbi, mwavuli kwapani, shingo kaielekeza juu kama mtoto anayetazama fataki. Ndege mwenyewe alikuwa wa mianzi na karatasi nyekundu, mabawa yametoka ukuta huu hadi ule. Ndani ya kila unyoya Yee Teng alipitisha taa ndogo inayowaka na kufifia taratibu, ungeapa ndege anapumua. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina mjini: kuchukua mambo ya mababu na kuyavika taa za leo, bibi afurahi na mjukuu apige picha.

Akatoa waya mdomoni.

"Fundi mmoja wa mbali, mama. Mzee tu."

Chini, aliyeshikilia ngazi alikuwa Kok Hin, mchumba wake, mwana pekee wa Mama Leong. Akainama, akaanza kukagua viatu vyake.

"Mpe salamu zangu huyo mzee. Mwambie ana mikono ya baraka."

"Zitafika, mama."

Mama Leong akasogea kwenye meza ya chai. Hapo ndipo maharusi wangepiga magoti kuwapa wazazi chai, mbele ya wageni wote. Viti vilikuwa vinne. Akavigusa kimoja kimoja.

"Hiki changu. Hiki cha marehemu mume wangu. Hiki cha marehemu mama yako. Na hiki cha mjomba wako, badala ya baba. Miguu ya baba yako bado?"

"Bado, mama."

"Maskini. Kila siku namwombea." Akarudi kwenye kiti cha pili. "Kikombe cha mume wangu ukiweke karibu na changu, kiguse kabisa. Yule mwanaume hakunywa chai peke yake hata siku moja."

Alipoondoka, Yee Teng akashuka ngazi. Hakumtazama Kok Hin.

"Mikono ya baraka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kwamba anamwombea miguu, umesikia?"

"Teng, hili tulishaliongea. Zimebaki siku tatu. Tukishaoana nitamwambia mwenyewe, polepole."

"Polepole mpaka lini, Hin? Mpaka watoto wamuulize babu yao anaishi wapi?"

Kok Hin akakunja ngazi.

Ukweli ni kwamba Mzee Foong, baba yake Yee Teng, alikuwa mzima wa afya. Kila asubuhi alikwenda kwa baiskeli kula tambi za supu. Alikuwa na duka Batu Gajah, nusu saa tu kwa gari, na dukani humo alitengeneza vitu vya karatasi vya kuchomewa wafu: nyumba za ghorofa, magari, vitanda, simu, hata mbwa, ili aliyekufa asipungukiwe huko aliko. Watu wa kazi ile huheshimiwa, lakini kwa mbali. Hawaalikwi harusini wala kwenye sherehe ya mtoto mchanga. Nao wanajua mipaka yao. Miaka arobaini Mzee Foong hakuwahi kumwambia mteja "karibu tena." Nani anataka kurudi duka lile?

Walipochumbiana, Kok Hin ndiye aliyesema, "Mama ana imani kali. Tuseme mzee anaumwa, hawezi kutoka." Yee Teng akakubali. Kilichomtafuna si kwamba alikubali. Ni jinsi alivyokubali haraka.

Alipokuwa darasa la pili, baba alimfunikia madaftari kwa karatasi zilizobaki dukani, za rangi ya fedha, zinameta. Aliingia darasani akijiona malkia. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Hiyo ni karatasi ya maiti!" Mwaka mzima hakuna aliyekaa naye dawati moja. Nyumbani hakusema kitu. Alimwambia baba tu kwamba mwalimu anataka madaftari ya bluu. Sasa ana miaka ishirini na tisa, na bado anamwambia baba habari za madaftari ya bluu.

*

Ijumaa mchana simu ikalia. Mama Leong.

"Njoo nyumbani. Sasa hivi."

"Kuna nini, mama?"

"Njoo."

Alimkuta sebuleni na Shangazi Yoke, dada wa marehemu mzee Leong. Kok Hin alikuwa amesimama dirishani, uso hauna damu. Mama Leong akamsukumia simu bila kumkaribisha kiti.

"Soma. Kwa sauti."

Ulikuwa ujumbe wa Shangazi Yoke na picha chini yake. Yee Teng akasoma:

"Wifi, nimekuja Batu Gajah kuagiza nyumba ya kumbukumbu ya mama mkwe wangu. Angalia nilichokiona nyuma ya pazia, humu humu kwenye duka la vitu vya maiti. Soma majina kifuani."

Pichani lilikuwa joka la dhahabu, mwenzake yule ndege. Lilikuwa bado halijamalizika, lilitakiwa lifike ukumbini Jumamosi. Kifuani, kwa mwandiko wa baba, yalikuwa majina mawili: Leong na Foong.

"Mzee wa duka anaitwa Foong," alisema Shangazi Yoke. "Nilimuuliza kama ana undugu na bibi harusi wetu. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Hapana, mama. Mafoong tuko wengi.'"

Yee Teng akaitazama tena picha. Baba amemkana. Kwa ajili yake.

"Ni nani yule?" aliuliza Mama Leong.

"Ni baba yangu."

"Yule niliyekuwa namwombea miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Miezi mitatu nachoma ubani, namwombea mtu anayeendesha baiskeli!"

"Mama, ngoja," Kok Hin akaingilia. "Sisi tulifikiri..."

"Wewe nyamaza. Zamu yako inakuja." Akamgeukia tena Yee Teng, na sasa sauti ilishuka, ikawa mbaya zaidi. "Nimezika mume akiwa na miaka hamsini na mbili. Nina mtoto mmoja tu. Na wewe umemwekea juu ya kichwa chake, siku ya ndoa yake, kitu kilichotoka mikononi mwa mtu wa maiti. Nikikuuliza unaniambia fundi wa mbali. Kosa langu kwako ni lipi, mwanangu?"

"Huna kosa, mama. Niliogopa."

"Basi sasa ni mimi ninayeogopa. Vishushwe vyote. Ndege, joka, kila kipande. Vikishuka, Jumapili tutaonana. Visiposhuka, msinitafute."

"Na baba yangu?"

"Baba yako si anaumwa?" alidakia Shangazi Yoke. "Mwacheni aendelee kuumwa."

Nje, kwenye gari, Kok Hin alishika usukani bila kuwasha.

"Tuvitoe, Teng. Nimempigia muuza mapambo, ana taa nyekundu za plastiki, analeta kesho. Wageni hawatajua tofauti."

"Mimi nitajua."

"Ni siku moja tu! Siku moja, halafu maisha yote ni yetu."

"Hin, nikuulize. Ungekuwa wewe mwenye baba yule, ungemficha?"

Kok Hin akaondoa mikono kwenye usukani.

"Si hivyo," alisema mwishowe. "Baba yangu alishakufa. Ningempata hata kwa kazi gani, ningemkalisha mbele."

Akasikia maneno yake mwenyewe, akafumba macho. Yee Teng akafungua mlango.

"Nimekupenda miaka minne. Lakini kwenye kile kiti hakai mjomba. Anakaa baba, au hakuna chai. Na bila chai hakuna ndoa. Kamwambie mama yako, usimwambie polepole."

*

Alimkuta Mzee Foong chumba cha nyuma, si kile cha biashara, kingine kidogo kilichokuwa ghala. Sakafu imefagiliwa hadi inang'aa. Joka limelazwa kwenye shuka jipya. Mlangoni palikuwa na beseni la maji yenye majani ya mbalungi, yale ya kuondolea mikosi.

"Usiingie na viatu," alisema baba bila kugeuka. "Humu ni mahali pa harusi."

"Baba, hili beseni la nini?"

"La kunawa. Kila nikitoka kule mbele nanawa, ndipo nishike joka. Kisu kipya, mianzi mipya. Gundi nimeipika kwenye sufuria mpya." Akageuka, akaona uso wake. "Yule mama mwenye simu. Nilijua. Nilimwambia hatujuani, hakuniamini?"

Yee Teng akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Mzee hakumgusa kwanza. Alikwenda kwenye beseni, akanawa, akajikausha vizuri, ndipo akamwekea mkono kichwani.

"Mimi ndiye niliyesema unaumwa, Baba."

"Najua. Mjomba wako aliniambia. Nimeumwa vizuri tu, miezi mitatu, sikuhitaji hata dawa."

"Usinichekeshe."

"Sasa nifanyeje? Nikulilie na wewe?" Akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Vishushe. Vilete hapa, nitavifungua, mianzi haitapotea. Wewe olewa. Mimi nitakaa hapa saa nne kamili asubuhi, nitajimiminia chai, nitajua kwamba ndiyo wakati wenyewe."

"Peke yako?"

"Nimezoea."

"Mimi nimechoka kukuona umezoea!" Akajifuta machozi kwa mkono. "Lile daftari la fedha, Baba. Mwalimu hakutaka bluu. Watoto walinicheka."

Mzee Foong akakwangua gundi iliyokauka kidoleni.

"Lile nalo nilijua," alisema. "Mwalimu wako alikuwa mteja wangu."

Simu ya Yee Teng ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Kok Hin:

"Nimemwambia Mama kila kitu. Kwamba uongo niliutunga mimi, wewe ulinifuata tu. Amenirushia kikombe. Sijaondoka."

Dakika chache baadaye, mwingine:

"Cha pili pia."

*

Jumamosi asubuhi gari likasimama mbele ya duka. Yee Teng alikuwa chumba cha nyuma, akifungua nyaya za taa kutoka kwenye joka moja moja, maana baada ya ule ujumbe wa pili Kok Hin hakuandika tena, naye akadhani harusi imekufa. Akasikia mwavuli unagonga sakafu ya duka.

"Mwenye duka yuko wapi?"

Mama Leong. Kupitia pazia, Yee Teng alimwona amesimama katikati ya nyumba za karatasi, mikono ameibana kifuani asiguse kitu.

"Mwanangu amekaa garini, anasema hanirudishi nyumbani mpaka niingie humu nizungumze na wewe. Nimemzaa mimi mwenyewe, ananiteka nyara! Basi nimeingia. Nina maneno mawili tu. La kwanza..."

Mzee Foong alitoka nyuma ya kaunta, akainamisha kichwa.

"Ongea, mama. Nastahili."

La kwanza halikutoka. Mama Leong alikuwa anamtazama. Kisha akatazama rafu iliyo nyuma yake. Palikuwa na birika dogo la karatasi, na vikombe viwili. Kimoja kimesimama, kingine kimefunikwa kifudifudi.

"Hicho ni nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile iliyoingia nayo.

"Cha mteja wa Jumatatu. Mzee amefiwa na mkewe."

"Kwa nini kimoja kimefunikwa?"

"Ni desturi yangu tu, mama. Si ya vitabuni. Zamani kidogo alikuja mama mmoja, kafiwa na mume kabla hajazeeka. Aliagiza nyumba ya ghorofa mbili. Wakati anaondoka akasema, mume wangu hakunywa chai peke yake hata siku moja. Nikaona nimwekee vikombe viwili. Cha yule mama nikakifunika, maana wakati wake haujafika. Kikae kinamsubiri, asiharakishe. Tangu siku hiyo naviweka kwa kila aliyeacha mwenzake."

Mama Leong akatafuta kitu cha kushika. Hakukuwa na kitu ila ukuta wa nyumba ya karatasi, akaushika.

"Mlango wake ulikuwa kijani," alisema.

"Naam, kijani. Wewe ulikataa usiwe mwekundu. Ulisema nyumba yenu ya kwanza ilikuwa na mlango wa kijani." Mzee akakigusa kile kikombe kilichofunikwa. "Sikukutambua, mama. Huwa sitazami sana nyuso za wateja. Nawaachia nafasi ya kulia."

"Nilikiona kile kikombe wakati moto unashika," alisema Mama Leong. "Kila mtu pale aliniambia nijikaze, niko imara. Mume wangu amekufa, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisikia. Nikaona kikombe, nikajua kuna mtu alinisikia. Miaka kumi na moja sikurudi kukushukuru. Niliogopa duka lako, nikajisahaulisha hata lilipo."

"Kila mtu analiogopa. Hata mimi siku nyingine."

Yee Teng alitoka nyuma ya pazia, waya bado umemzunguka mkononi. Mama Leong akamwona, macho yakamjaa maji, na hasira pia ilikuwa bado imo.

"Wewe bado nina ugomvi na wewe. Kunidanganya sijasahau."

"Usisahau, mama. Lakini naomba kiti."

"Sitasema siogopi. Nikisema hivyo na mimi nitakuwa mwongo. Nimezeeka na woga huu, siwezi kuuvua kama koti." Akamgeukia mzee. "Ukiingia watu watakutazama. Yoke atatoka na meza yake nzima. Utawezaje?"

"Mama, mimi naweza kubaki..."

"Sijakuambia ubaki! Nimekuuliza utawezaje."

Yee Teng alitazama lile beseni la maji mlangoni mwa chumba cha harusi. Majani yalikuwa yanaelea, na baba yake, bila kufikiri, alikuwa tayari amesogea kunawa kwa sababu mkono wa Mama Leong ulikuwa karibu na wake.

"Nipeni mpaka kesho," alisema. "Nitapapamba mlangoni."

Kok Hin alikuwa ameegemea gari, shati la jana, plasta nyusini. Yee Teng akaigusa.

"Kikombe cha kwanza au cha pili?"

"Cha pili. Cha kwanza nilikwepa." Hakutabasamu. "Nilikuwa mwoga, Teng. Nikakufundisha na wewe."

"Woga nilikuwa naujua kabla yako. Twende, joka linahitaji watu wawili kulibeba."

*

Jumapili, wageni walipofika ukumbini walikuta mabeseni manane ya shaba yamepangwa njia nzima ya mlangoni, maji ya vuguvugu, majani ya mbalungi yanaelea pamoja na maua mekundu, na taa ndogo zinawaka chini ya maji. Kando, wasichana waliovaa nyekundu wanagawa taulo. Kibao kimeandikwa: NAWA MIKONO, INGIA NA HERI.

"Hii mpya," alisema daktari wa meno wa mtaani kwao, akikunja mikono ya shati.

"Ya zamani hiyo," alijibu mkewe, "ila imepambwa."

Watu mia tatu wakanawa. Wakapiga picha. Mzee Foong alikuja na wale wa mwisho, kwa kujificha, suti yake mpya bado ina mikunjo. Alisimama nje ya kizingiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Kisha akayaona mabeseni, na mikono yote ile imelowa. Akaelewa. Akamtafuta binti yake kwa macho.

"Umebuni wewe?"

"Ni mapambo tu, Baba."

Alizamisha mikono yake, akanawa taratibu, katikati ya watu wengine wanaonawa.

Shangazi Yoke alipomwona akanyanyuka. Meza yake nzima ikamfuata, na nyingine moja. Viti ishirini vikabaki vitupu hadi mwisho wa karamu, kila mtu akivitazama na kujifanya havitazami. Mama Leong aliviona. Alipauka, lakini hakuinuka kwenye kiti chake.

Chini ya ndege na joka wanaopumua, Kok Hin akapiga magoti. Akamimina chai, akamwinulia Mzee Foong kikombe.

"Baba," alisema, mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kunywa chai. Na unisamehe."

"Chai kwanza," alisema Mzee Foong. "Inapoa."

Akanywa yote. Kisha Yee Teng akapiga magoti. Baba akapokea kikombe, akaufunika mkono wa binti yake kwa wake, wenye makovu ya kisu na alama za gundi, mbele ya watu wote.

Mezani, mbele ya kiti cha marehemu mzee Leong, kikombe chake kilikuwa kimegusana na cha mkewe.

Karamu ilipokwisha, wenye harusi wakasimama mlangoni kuaga wageni mmoja mmoja. Mzee Foong alijaribu kupitia pembeni, nyuma ya mabeseni.

"Mkwe!" Mama Leong akamwita. "Unatoroka?"

"Naondoka tu, mama. Asante kwa karamu."

Mama Leong akamkaribia hatua moja. Yee Teng, aliyesimama karibu, aliona vidole vyake vimekaza leso mpaka vimekuwa vyeupe. Hofu haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa pale pale, naye alikuwa amesimama nayo.

"Karibu tena," alisema Mama Leong.

Mzee alisimama. Miaka arobaini hakuwahi kulitamka neno lile kwa mteja, na miaka hiyohiyo hapakuwa na mlango uliowahi kumwambia. Alimtazama binti yake kama anayeuliza ajibu nini. Yee Teng akamwashiria kwa kichwa ajibu tu.

"Nitakuja," alisema Mzee Foong.